Unapomsifu mtu kwa Kiingereza, chagua "emulate"

Vijana huniletea barua zao za kuomba kazi na ufadhili nizipitie kabla hazijatumwa. Kuna sentensi ambayo hunisimamisha kila ninapoikuta: mwombaji anataka kusema anafuata nyayo za mwalimu wake, naye anaandika "I mimic my teacher". Mwenye Kiingereza chake hapo anamwona mtu anayeigiza sauti na mwendo wa mwalimu ili darasa licheke. "Ape" ni mbaya zaidi. Ni jina la sokwe lililogeuzwa kitenzi, na ukilitumia kwa mtu umemtukana.

Kitenzi kinachofaa ni "emulate". Kinabeba mambo mawili kwa pamoja: unamheshimu mtu huyo, na unajitahidi umfikie, ikiwezekana umpite. Hilo la kumpita limo tangu asili, maana Kilatini chake, aemulari, ni kushindana na mtu. Fungua Wagalatia 5:20 katika Biblia ya King James ya 1611, utakuta "emulations" miongoni mwa matendo ya mwili. Biblia yetu ya Kiswahili inataja hapo wivu. Siku hizi ubaya huo umefifia, ila ile juhudi ya kumfikia mwenzio imebaki, nami naipenda sana katika barua ya kijana anayetafuta nafasi.

Lakini usiliache neno hilo likining'inia. "I want to emulate my mother" haimwambii mwajiri chochote. Andika "I want to emulate my mother's patience with customers", na anayesoma atajua utawahudumia vipi wateja wake.

"Imitate" haina sifa wala dharau ya lazima. Mtoto anayejifunza kusema kwa kufuata matamshi ya wakubwa, kitenzi chake ni hicho. Na "mimic" usiitupe. Katika somo la baiolojia iko nyumbani kabisa: wapo nzi wasio na mwiba ambao miili yao ina mistari ya njano na nyeusi kama nyigu, hivyo ndege huwaogopa. Kuwaeleza hao, andika "mimic" bila wasiwasi. Angalia tahajia tu, kwa sababu hata waliosoma sana huteleza hapa: ukiongeza -ed au -ing, lazima k iingie kwanza, yaani "mimicked" na "mimicking".