Mkanda wa ncha tatu ulianzia wapi?

Swali: Mhariri, baba yangu, ambaye ameendesha Volvo 240 kwa miaka mingi, hushikilia kwamba mkanda wa usalama wa ncha tatu tunaoufunga garini leo ulianzia kwenye Volvo. Je, ni kweli?

Jibu: Ni kweli. Kampuni hiyo, iliyoanza kuunda magari mjini Göteborg, Uswidi, mwaka 1927, ilimwajiri mhandisi Nils Bohlin, aliyekuwa akibuni viti vya kumrusha rubani nje ya ndege huko Saab, kampuni ya kuunda ndege, naye mwaka 1959 akaleta mkanda unaopita kifuani na kiunoni, unaofungwa kwa mkono mmoja kando ya nyonga. Mkanda wa kiuno pekee ulikiacha kifua kijibamize kwenye usukani. Ninaloliheshimu zaidi ni kwamba Volvo iliwaruhusu watengenezaji wengine kuutumia uvumbuzi huo bila malipo. Mnapoufunga, kipande cha chini kikae kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni.