Naambiwa kazi yangu "haina dizaini": nirekebishe nini?

SWALI: Nina mwaka mmoja katika kazi ya kutengeneza mabango, fomu na kurasa za programu za simu. Programu za kuchorea nazimudu vizuri. Tatizo ni kwamba bosi ananirudishia kazi akisema "haina dizaini", na nikiongeza rangi na vivuli anasema "sasa umezidisha". Dizaini ni nini hasa, na nitajuaje kuwa kazi yangu ni nzuri bila kusubiri kuambiwa?

JIBU: Ndugu yangu, neno lenyewe linatuchanganya hata sisi tulio kazini miaka mingi. Tuna "ubunifu", tuna "usanifu", na katika mazungumzo ya kila siku tunasema "dizaini" tukimaanisha mtindo: shati dizaini hii, kiti dizaini ile. Maana hii ya mwisho ndiyo inayokupoteza. Inakufanya udhani dizaini ni kitu cha kupaka juu kazi ikishaisha, ndiyo maana ukirudishiwa unakimbilia vivuli. Mimi nashika neno usanifu. Kubuni ni kupata wazo. Kusanifu ni kuamua kitu kikae vipi ili mtu fulani afanye nacho kazi fulani: kipi kitangulie, kipi kiwe kikubwa, kipi kitoke kabisa. Akibadilika mtu au ikibadilika kazi, maamuzi nayo hubadilika.

Nikupe aibu yangu. Miaka ya mwanzo nilisanifu fomu ya usajili ya kujazwa kwenye kompyuta. Chini yake niliweka vitufe viwili pacha, rangi moja, upana mmoja, vimekaa bega kwa bega: "Tuma" na "Futa". Nilivipenda kwelikweli, maana maneno yote mawili yana herufi nne na yalilingana kama yaliyopimwa kwa rula. Siku ya majaribio mama mmoja karani alijaza ukurasa mzima, majina, tarehe, namba, kisha akabonyeza Futa. Vyote vikapotea. Akaniomba radhi, na mimi kwa ujana wangu nikaipokea! Alipokuja wa pili akafanya vilevile ndipo nilipoyatazama upya yale maneno. Herufi nne na nne, ya pili u, mwishoni a. Mtu mwenye haraka hasomi herufi kwa herufi, anatambua umbo, na mimi nilikuwa nimeyapa maumbo yanayokaribiana. Nikaipeleka Futa upande wa pili, nikaiondolea kisanduku, na nikaifanya iulize kwanza kabla ya kufuta. Fomu ikapungua urembo kidogo, lakini hakuna aliyepoteza kazi yake tena.

Kosa hilo lina wazee wake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa ndege za kivita za Marekani aina ya B-17 walikuwa wakitua salama, kisha wakiwa bado kwenye njia ya kurukia ndege wanakunja magurudumu, ndege inalalia tumbo. Wao walitaka kukunja vibawa vya nyuma ya mabawa. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipolichunguza suala hilo mwaka 1943, alikuta swichi za vitu hivyo viwili zimekaa jirani na zinafanana. Hakuagiza mafunzo zaidi wala kubandika onyo. Aliweka kigurudumu kidogo cha mpira kwenye swichi ya magurudumu, na kipande chenye umbo la kabari kwenye ile ya vibawa, ili mkono utambue hata macho yakiwa kwingine. Mpaka leo kishikio cha magurudumu katika ndege kina umbo la gurudumu.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza kiko hapo: mtu akikosea, je, kitu chenyewe ndicho kilichomwita akosee? Kama ndiyo, usanifu ni mbovu hata ukipendeza vipi.

Kipimo cha pili ni ulichokubali kukiacha. Harry Beck, aliyezoea michoro ya saketi za umeme, alichora ramani ya treni za chini ya ardhi za London iliyotolewa kwa umma mwaka 1933. Alinyoosha njia zote ziwe za wima, za mlalo au za nyuzi 45, akaacha umbali halisi kati ya vituo, na juu ya ardhi akabakiza mto Thames tu. Kwa anayetembea kwa miguu ramani hiyo inaweza kumdanganya. Kwa aliye ndani ya treni, anayetaka kujua ashuke wapi abadilishe njia, inatosha kabisa. Beck alijua anamchorea nani.

Wengine watakuambia dizaini nzuri haionekani. Mimi sikubaliani nao. Kitufe chekundu cha kusimamisha mashine mtu anapobanwa mkono kinatakiwa kionekane hata na aliyeingia chumbani leo. Urembo nao siupuuzi, kwani kitu kizuri huvumiliwa zaidi kinapoleta usumbufu mdogo. Ila usiutumie kufunika maandishi ya kijivu juu ya kijivu. Kiwango cha kimataifa cha WCAG, yaani mwongozo wa kufanya kurasa za mtandao zitumike na watu wote, hata wenye ulemavu, kinataka mng'ao wa maandishi ya kawaida utofautiane na wa mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na zipo programu za bure za kukupimia.

Sasa kazi yako. Mpe ukurasa mtu ambaye hajawahi kuuona, mwambie jambo moja la kufanya, kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi tunashindwa, mdomo unawasha. Usimwelekeze. Tazama kidole kinasita wapi, anarudi nyuma wapi, anauliza nini, uandike. Watu wanne au watano wanatosha kukuonyesha mengi. Na bosi akisema tena "haina dizaini", muulize kwa heshima: atakayeona bango hili tunataka afanye nini kwanza? Akijibu, umepata pa kuanzia. Asipojibu, msiguse rangi yoyote mpaka mkubaliane.