Tone nalo ni lenzi: kwa anayeanza kupiga makro baada ya mvua

Mvua ikikatika, anayeanza kupiga makro, yaani picha za vitu vidogo kwa karibu sana, huuliza atumie kamera gani. Mimi ningemuuliza kwanza: nyuma ya tone kuna nini? Tone hupinda mwanga kama lenzi yoyote, na kilicho nyuma yake huonekana ndani yake kikiwa kidogo, kichwa chini miguu juu. Nyuma kukiwa na ua jekundu, tone litabeba ua. Kukiwa na ukuta wa kijivu, utapata tone la kijivu, hata kama kamera yako ina bei ya gari. Kwa hiyo kabla hujafungua begi, zunguka mmea, chuchumaa, tazama.

Hayo ni ya tone linaloning'inia kwenye ncha ya jani au bua la nyasi. Lililokaa juu ya jani lina jani lenyewe nyuma yake, basi litakukuzia mishipa ya jani tu. Nalo zuri, ila usilidai ua.

Kwenye fokasi ndiko watu wanakokwama. Ukipiga kwa ukuzaji wa 1:1 (kitu kinatua kwenye kihisi cha kamera kwa ukubwa wake halisi) na kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24), kwa f/8 (namba ya tundu la lenzi: ikikua, tundu linapungua), sehemu inayotoka kali ina kina cha milimita 1 hivi. Na lile ua, kusema kweli, halimo ndani ya tone: mwanga ukishapita kwenye maji hukutana mbele yake, upande wa kamera. Tone la duara lenye kipenyo cha milimita 4 huijenga taswira ya kitu cha mbali kama milimita 2 mbele ya uso wake, wakati ukingo wa tone uko milimita 4 nyuma ya taswira hiyo. Ukinasa ukingo, ua linafifia. Rudi nyuma kidogo sana, ua linakaa sawa, ukingo unalainika. Chagua ua. Ukingo laini hausumbui jicho, ua lililofifia linaua picha. Anayetaka vyote viwili hupiga picha kadhaa akisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha huziunganisha kwenye programu, lakini hiyo inataka jani lisilotikisika kabisa, na si kazi ya kuanzia.

Kufunga tundu la lenzi hadi f/22 hakutakuokoa. Kwa 1:1 namba ya f hujizidisha takriban mara mbili, f/22 ikafanya kazi kama f/44, na mwanga unaotawanyika ukipita kwenye tundu dogo hivyo ukalainisha picha nzima. Baki f/8 hadi f/11.

Zima fokasi ya otomatiki, kaza ukuzaji unaoutaka, halafu sogeza mwili mbele na nyuma huku ukipiga mfululizo. Upepo ukiwepo, kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde. Flashi inasaidia, ila ikiwa tupu huacha kidoa cheupe kikali kwenye kila tone. Weka karatasi nyeupe mbele yake. Wingu zito hufanya kazi hiyo bure.

Jani nalo lina neno lake. Magimbi na yungiyungi aina ya lotasi wana nta juu ya vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, maji hayashiki, tone linasimama duara na hewa iliyonaswa chini yake hulipa ule mng'ao wa fedha. (Wanabotania Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis walilieleza jambo hili kwa lotasi mwaka 1997.) Majani yanayolowa hutandaza maji, yapite. Na ukikuta alfajiri matone yamejipanga kwenye kingo za jani la stroberi, huenda si mvua wala umande: mmea wenyewe huyasukuma nje usiku.

Kichujio cha polaraiza kizungushe kwa kiasi. Kinaondoa mng'ao mweupe juu ya jani, lakini ukizidisha kinafuta na ule wa tone.

Mwenye simu, angalia kivuli chako: makro ya simu nyingi inataka uwe sentimita chache tu kutoka kwenye jani, na mkono wako ndio wa kwanza kuziba mwanga. Piga ukiwa pembeni.