Picha za kung fu za zamani: usiruke sehemu ya mafunzo

Mleta mada anasema amejaribu kuangalia picha za kung fu za zamani, akashindwa kuona wakubwa tunazipendea nini. Hadithi ni ile ile ya "umemuua mwalimu wangu", ngumi zinalia kama mbao, midomo inakwenda hivi na sauti inatoka vile. Mkuu, nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe.

Mimi nilizijulia kibanda umiza, Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Deki moja, televisheni ndogo juu ya meza, mabenchi, gunia mlangoni la kuzuia mwanga. Kiingereza hatukijui na kaseti imechoka, inapiga mistari. Ila hakuna aliyeuliza kinachoendelea. Steringi, yaani mhusika mkuu, kapigwa, kadhalilishwa, kamfuata mzee mwenye ndevu nyeupe, mzee kamkatalia, naye kapiga magoti nje mvua inamnyeshea. Hapo mtoto wa miaka tisa anahitaji kuelezwa nini?

Kilichonishika mimi ni mafunzo. Pambano la mwisho ni malipo tu ya jasho ulilokwishaliona likitoka.

Chukua The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978, mwongozaji Lau Kar-leung, steringi Gordon Liu. Kijana anakimbia utawala wa Wamanchu walioitawala China enzi hizo, anaingia hekaluni akitaka kung fu, na ngumi hafundishwi. Kuna vyumba 35 vya kupitia. Ana njaa, chakula kiko ng'ambo ya maji, na cha kukanyaga ni magogo yanayoelea. Anatumbukia. Akishaweza hilo, anapewa ndoo mbili za maji apande nazo mlima mikono imenyooka pembeni, na visu vimefungwa mikononi, ncha zinatazama mbavu. Ukichoka ukashusha mikono, unajichoma mwenyewe.

Banda zima lilinyamaza. Kesho yake nilienda bombani na vidumu viwili vya lita tano, nikajaribu kurudi navyo mikono imenyooka. Sikumaliza hata hatua kumi, mabega yanawaka moto. Tangu siku hiyo siangalii tena nani kapiga teke zuri, naangalia mtu kafikaje hapo.

Na wale watu walikuwa wanajua wanachokionyesha. Baba yake Lau Kar-leung, Lau Cham, alifundishwa na Lam Sai-wing, na Lam alifundishwa na Wong Fei-hung, yule bingwa wa mtindo wa Hung Gar ambaye picha chungu nzima zimetengenezwa juu yake. Kwa hiyo mwongozaji alikuwa anatandaza mbele ya kamera urithi wa nyumbani kwao. Waigizaji Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao nao walilelewa tangu utotoni kwenye shule moja ya opera ya Peking, ile michezo ya jukwaani ya Kichina yenye nyimbo na sarakasi, pale Hong Kong, wakipinda migongo na kupiga sarakasi kila siku. Ndiyo maana kamera ina uwezo wa kukaa mbali: unamwona mtu mzima, kichwa hadi unyayo, mapigo manane au kumi yanapita bila picha kukatwa. Picha nyingi za siku hizi zinakatwa kila pigo, sijui hata nani kampiga nani.

Kuhusu sauti, uko sahihi, ila kuna sababu. Hong Kong wakati ule walikuwa wanapiga picha bila kurekodi sauti, kisha maneno na vishindo vinapachikwa studio. Hata Wachina wenyewe walikuwa wanasikia sauti za kupachika. Mimi ule mlio sasa nausikia kama ngoma: unakupa mapigo ya pambano.

Sikatai kwamba takataka zipo nyingi. Bruce Lee alipofariki Julai 1973, walijitokeza waigaji wenye majina kama Bruce Li na Bruce Le, na sisi tulilipa kiingilio mara kadhaa kwa bango la Bruce Lee, ndani tukamkuta mtu mwingine kabisa. Iliniuma, kwa sababu hela yenyewe niliitafuta kwa kuuza chupa.

Kwa hiyo anza na hiyo The 36th Chamber, halafu Drunken Master, nayo ya 1978. Yule mzee mlevi anayefundisha ni Yuen Siu-tien, baba mzazi wa mwongozaji Yuen Woo-ping, ambaye baadaye ndiye aliyepanga mapigano ya The Matrix mnayoipenda. Mtazame Jackie Chan anavyoning'inia kichwa chini, anachota maji kwa vikombe vidogo kutoka chini, anajikunja kwa tumbo kuyapeleka juu, anashuka tena.

Usipeleke mbele kufuata pambano. Ukimaliza rudi hapa utuambie ni zoezi gani lilikuuma mwili ukiwa umekaa kwenye kochi.