Pima kwanza, bei baadaye

Kaka, hiyo snea (ngoma ndogo yenye nyaya chini) ya kampuni ya Premier, inayouzwa na bendi ya tarumbeta huko Tukuyu, usiikimbilie kwa sababu tu bei ni ndogo. Nenda na futi. Premier za zamani, za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960, nyingi zilikuwa pana kidogo kuliko kipimo cha sasa, na ngozi za leo za inchi 14 zinagoma kuingia. Vua ngozi upime upana wa mwili wa ngoma wenyewe, toka ukingo hadi ukingo: ukifika inchi 14 kamili au kuzidi, mwachie mwenyewe, labda kama unataka pambo la sebuleni.

Ngozi iliyochanika isikutishe, na nyaya za chini vilevile, vinanunuliwa. Kinachoumiza ni kile kiwiko cha kukaza nyaya kikiwa kimevunjika, spea yake ni kazi kuipata.

Kutu kwenye pete za chuma zinazobana ngozi sugua kwa foili ya jikoni iliyoloweshwa maji. Msasa hapana, unakula kromu. Mwili ukiwa wa mbao, na mvua za Rungwe unazijua, kagua kama tabaka zimeachana, halafu ikaushe kivulini taratibu. Na fundi asikushawishi kupiga rangi ya gari!