Ukienda kupiga kambi Garner, hema liwe juu

Shule zikikaribia kufungwa, ndugu na marafiki hapa Texas huanza kunipigia simu: watoto tuwapeleke wapi? Huwa nawatajia Garner State Park, hifadhi ya jimbo iliyo kando ya Mto Frio, karibu na Concan, magharibi ya San Antonio. Wakikubali, swali linalofuata ni lile lile: tupate wapi eneo la hema lililo karibu kabisa na maji? Hapo ndipo tunapoanza kubishana.

Mto ni wa mchana. Usiku lala mbali nao, tena juu yake.

Sehemu hii ya Texas ni vilima vya mawe ya chokaa. Udongo ni mwembamba na chini yake ni mwamba, kwa hiyo mvua kubwa haipati pa kuzama. Inateremka yote bondeni. Hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico ikipanda vilima hivyo, huangusha mvua nzito kwa muda mfupi. Inaweza kunyesha usiku huko juu, pale ulipolala lisianguke hata tone, na mto ukakufuata. Tarehe 4 Julai 2025, Mto Guadalupe, ambao nao unatoka kwenye vilima hivi hivi, ulifurika kabla ya mapambazuko katika kaunti ya Kerr. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto waliokuwa kambini.

Hata siku ya jua kali, mto wenyewe unakuonyesha. Ukifika ukingoni inua macho, uangalie miti mikubwa ya saipresi. Mara nyingi utakuta manyasi makavu na vijiti vimenasa kwenye panda za matawi, juu ya kichwa cha mtu mzima. Hakuna aliyeviweka pale. Maji yalifika huko. Mimi huwaonyesha watoto kabla hawajavua viatu, kisha tunatembea pamoja njia ya kupandia mlimani, ili hata gizani kila mmoja aijue. Kabla ya kuondoka nyumbani angalia utabiri wa hewa wa eneo lote la juu ya mto, si wa hifadhi peke yake. Beba redio ndogo ya taarifa za hali ya hewa, maana mabondeni simu husumbua. Gari liegeshe likiwa limeelekea njia ya kutokea.

Sasa raha zenyewe. Maji ya Frio yanatoka kwenye chemchemi, ni baridi hata Julai, na ni meupe hadi unaona kokoto za chini. Watu hukaa kwenye mipira ya kuelea wakaachia mto uwapeleke. Mtoto asiyejua kuogelea avae jaketi okozi hata pale maji yanapomfika magoti, kwa sababu hatua mbili mbele panaweza kuwa na shimo. Viatu vya majini ni lazima; mawe yanateleza. Kama unapenda kuvua samaki, ukivua ukiwa ukingoni ndani ya hifadhi za jimbo la Texas huhitaji leseni.

Chakula kisikutie hofu. Nyama choma inakwenda vizuri, ila kuni nunua, kwani kuokota ndani ya hifadhi hairuhusiwi. Pia uliza kama kuna katazo la moto siku hizo; wakati wa ukame huwa lipo, na hapo jiko la gesi ndilo litakalokuokoa. Ugali unapikika pia, lakini sufuria hucheza juu ya wavu, kwa hiyo mmoja asonge na mwingine ashikilie kwa koleo. Usiku kila kitu cha kula kirudi garini, kwa sababu rakuni, wanyama wadogo wa porini, wanafungua masanduku. Na kabla ya kutandaza hema kagua ardhi: sisimizi wekundu wa huku wanauma kama siafu.

Jioni za kiangazi wapeleke watoto kwenye dansi. Kuna jengo la mawe lililojengwa na vijana wa mradi wa ajira wa serikali miaka ya 1930, na tangu miaka ya 1940 watu hucheza hapo muziki wa jukebox, ile mashine inayopiga nyimbo ukiitia sarafu, wazee kwa wajukuu. Napenda sana jambo hilo. Wageni kama sisi tunaingia uwanjani bila mtu kutuuliza tumetoka wapi. Ila saa 4 usiku kelele zinakoma, na pombe hadharani ni marufuku.

Jambo moja linaloziumiza familia zetu kubwa: eneo moja la hema ni la watu 8 tu. Mkiwa kumi na wawili, kateni maeneo mawili yaliyopakana, na mtazame ramani kabla ya kulipa. Nafasi hufunguliwa miezi 5 kabla, na za wikiendi huisha upesi. Anayetaka kwenda Julai aanze kutafuta Februari.