Sarafu yenye kosa la kiwandani: jinsi ninavyoitambua

Mwaka wa kwanza wa duka langu hapa Mwanga, Kigoma, kijana mmoja aliniuzia sarafu ya mia kwa shilingi 5,000. Ilikuwa pana, nyembamba, sura ya Mwalimu imetandazika. Akaapa ni kosa la kiwandani. Miezi mitatu baadaye mzee mmoja aliyefanya kazi reli akaigeuza mara moja tu. "Mwanangu, hii imekanyagwa na treni."

Tangu hapo, kila nikihesabu mauzo ya jioni najiuliza: kasoro hii ingeweza kuipata sarafu baada ya kutoka kiwandani? Kiwandani kisahani kitupu, yaani kipande cha chuma kisicho na picha bado, hukaa kati ya mihuri miwili, ndani ya pete, kikagongwa kwa nguvu kubwa. Kosa la kweli huzaliwa hapo au kabla ya hapo.

Treni huvuta herufi zote zikafifia. Sarafu iliyogongwa ikiwa imekaa upande, herufi zilizobaki huwa kali kabisa, kisha ghafla unakuta sehemu tupu yenye umbo la mwezi mwandamo.

Ukiona mstari, pitisha ukucha. Mkwaruzo umezama. Muhuri ukipasuka, chuma huingia kwenye ule ufa na mstari huinuka juu.

Na ukikuta ukingo umemegwa kama umeng'atwa, tazama ng'ambo yake. Kisahani kilichokatwa vibaya tangu mwanzo mara nyingi hushindwa kuinua ukingo wa upande wa pili, ukawa dhaifu. Aliyetumia tupa nyumbani anauacha imara. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote, maana walaghai wengi hawakijui.

Rangi isikudanganye. Sarafu ya mia ni chuma kilichopakwa shaba ya njano. Ikichakaa chuma hujitokeza na kushika kutu.

Soma pande zote mbili. Mwaka 2008 Uingereza zilitoka peni 20 zisizo na mwaka kabisa, kwa sababu muhuri wa zamani wa upande mmoja uliunganishwa na mpya wa upande wa pili, na yote miwili haikuwa na tarehe.

Tafadhali usisugue sarafu kwa majivu wala limau. Unafuta ushahidi wenyewe.

Yangu ninayoithamini niliipata kwenye chenji ya mama muuza dagaa wa Kibirizi: ya mia, ufa umeinuka kutoka ukingoni hadi shingoni mwa swala. Nimeifunga kwenye karatasi. Sasa namtafuta ndugu yake, maana muhuri ule haukugonga moja tu.